Sababu gani wino haishike ku plastiki



Wengi kati yenu munajua yaliyotupata sisi wa kikundi cha serigrafi trimesta iliyopita, na wamoja wangali wanatucheka. Mama mumoja mwenye kuuzisha unga ya muhogo ku soko alituomba tumuchapie jina yake na picha ya kinu ku mifuko 40 ya plastiki ya kusukwa, ile wanatilia sukari na mbolea. Tulichukua wino tuliyozoea, ile ya maji tunayochapa nayo mipira ya michezo. Kazi ilionekana muzuri, isipokuwa vitundu vidogo vidogo katika rangi ambavyo hatukuvijali. Nyuma ya siku tatu mama akarudi. "Batoto yangu, muone. Wale wanaonibebea mifuko, nguo yao yote imepakaa nyeusi ku mugongo. Wanataka niwalipe sabuni!" Tulimurudishia feza yake yote, na wino tulikuwa tumekwisha kuinunua na feza ya kikundi. Ndipo tukaenda kwa mwalimu wa shimi.

Karatasi, alituambia, inakunywa. Ni nyuzi za miti zilizolalana, katikati yake kuna matundu, wino inaingia mule na kukauka ndani. Kitambaa ya pamba ni vilevile. Plastiki haikunywe kitu. Wino inabaki juu yake kama mugeni ambaye hawakumupatia kiti.

Lakini hiyo si sababu yote, kwani kiyoo pia haikunywe, na kumbe maji inatandaa vizuri ku kiyoo safi. Mufanye jaribio hili kwenu: muweke tone moja ya maji ku kiyoo kilichosafishwa, na ingine ku mufuko ya plastiki. Ku plastiki tone inajikunja kama shanga na kukimbia. Kila maji-maji ina nguvu ya kujivuta pamoja, na kila uso una nguvu yake ya kuivuta. Wanaipima kwa dini kwa santimetre. Maji ni 72, alikoli ni 22 hivi. Polietileni ni karibu 31, polipropileni (ndiyo mifuko yetu ya kusukwa) ni karibu 30. Maji-maji inatandaa vizuri kama namba yake ni ndogo kupita ile ya uso. Wino yetu ya maji ilikuwa juu sana. Vile vitundu vidogo vilikuwa vinatuonya, sisi tukavichapa mara 40!

Namba ile ni ndogo sababu polietileni, iliyogunduliwa Uingereza katika mwaka 1933, ni kaboni na idrojeni tupu. Haina oksijeni ambayo wino ingeweza kushika, sawa vile mutu hawezi kupanda ukuta usiokuwa na pa kushika.

Ku viwanda wanapitisha plastiki chini ya chuma yenye umeme ya volti maelfu mengi. Hewa inapasuka, inatoa harufu kali ya ozoni, na oksijeni inajibandika ku uso wa plastiki. Namba inapanda mpaka 38 ao zaidi, na pale wino inakubali. Kwa chupa na ndoo za plastiki wanatumia zaidi moto: ulimi wa moto unapita haraka juu yake, haufiki hata sekunde moja. Lakini dawa hiyo haidumu. Nyuma ya majuma ao miezi inapungua, tena vitu vya mafuta vilivyo ndani ya plastiki vinapanda juu. Na mara nyingi wanatengeneza upande moja tu. Hili jambo la upande ndilo lilitufungua macho kupita yote.

Chupa ya limonade yenye maandiko ya rangi ni habari ingine: ile rangi ni kama kiyoo chenyewe, wanaichoma ndani ya tanuru karibu digrii 600, ndiyo maana inaoshwa miaka na haitoke. Plastiki haiwezi kuvumilia vile. Polipropileni inayayuka karibu digrii 160. Basi musijaribu moto katika atelie yetu, tena karibu na wino zenye mivuke inayowaka. Na sasheti nyepesi musituletee: amri ya serkali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilizikataza.

Muzazi mumoja alitununulia mukebe ya wino ya polipropileni, ile inayokaukia kwa kutoa muvuke, si kwa kunywewa. Tulipangusa mifuko mitano na alikoli, tukaweka tone ya maji pande zote mbili. Upande moja ilijikunja, wa pili ilitandaa kidogo. Tulichapa pande zote, tukangoja siku nzima, madirisha wazi, kisha tukabandika skoci juu ya rangi na kuivuta kwa rafla. Upande mubaya ilitoka na kinu chote. Upande muzuri, mine kati ya mitano ilibaki.

Mama alikubali tumuchapie mifuko kumi kwa bei ya wino tu. Ingali ku soko, juma ya tano sasa. Pale mufuko inakunjwa rangi imeanza kuvunjika, lakini jina yake inasomeka, na wabebaji hawajasema kitu.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano, kikundi cha serigrafi