Doom ya Mwaka 1993: Ya Asili au Iliyorekebishwa?

Anayetaka kucheza Doom kwa mara ya kwanza, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya id Software tarehe 10 Desemba 1993, hukuta matoleo mengi kiasi cha kushindwa kujua aanze na lipi. Mabishano kuhusu suala hili kwa kawaida huendeshwa kana kwamba kuna pande mbili tu, yaani mchezo halisi na mchezo uliotiwa mikono na watu baadaye, ilhali Doom iliundwa tangu mwanzo ili itiwe mikono.

Wachezaji walipoanza kubadilisha picha na leveli za Wolfenstein 3D, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 1992, mhandisi wake John Carmack alipendezwa na jambo hilo, naye akaigawa Doom makusudi katika sehemu mbili: injini, ambayo ni programu inayochora kuta, kuendesha maadui na kupokea amri za kibodi, na faili la WAD, ambalo ni ghala la ramani, picha na sauti. Kwa kuwa mtu aliweza kuongeza WAD yake bila kuigusa ile ya asili, modi, yaani marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe, zilienea upesi, hata mwaka 1996 id Software ikauza Final Doom, ambayo nusu yake, TNT: Evilution, ilitengenezwa na kikundi cha wapenzi wa mchezo waliokusudia kuigawa bure.

Desemba 1997 msimbo wa injini uliwekwa hadharani, na hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa mgumu, kwani sasa injini nayo ilibadilika. Injini mojawapo iliyotokana na msimbo huo, Chocolate Doom, huiga programu ya awali hadi kasoro zake: picha ina pikseli 320 kwa 200, na ramani inayoonyesha kwa wakati mmoja sakafu na dari nyingi kupita nafasi 128 zilizotengwa na injini huusimamisha mchezo wote. Injini nyingine, GZDoom, kwa upande wake, huondoa vikomo hivyo na kuruhusu kutazama juu na chini, taa za rangi na hata kuruka.

Uaminifu huo wa Chocolate Doom, ambao wengine huuona kuwa ushabiki wa mambo ya kale, una sababu ya kiufundi. Rekodi ya mchezo, iitwayo demo, haihifadhi picha hata moja. Huhifadhi amri za mchezaji tu, 35 kwa kila sekunde, na injini huucheza mchezo upya kwa kuzifuata. Jambo hili linawezekana kwa sababu bahati katika Doom si bahati hasa, bali hutoka katika jedwali la namba 256 zinazosomwa kwa mpangilio uleule daima, hivyo adui akipiga hatua moja tofauti kwa sababu ya injini iliyobadilishwa, mchezaji wa kwenye rekodi huishia kufyatulia ukuta risasi.

Kuruka nako si nyongeza ndogo. Ramani za 1993 zilichorwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuruka: katika leveli ya kwanza deraya ya buluu huonekana nje ya dirisha, na raha yote iko katika kuitafuta njia ya siri ya kuifikia. Modi kama Brutal Doom, inayozidisha damu na kubadilisha silaha, ina wapenzi wake kwa haki, lakini huuficha mpango huo wa ramani kwa mtu asiyeujua bado.

Kwa hiyo mgeni aanze na WAD ya asili katika injini yoyote, mradi azime kuruka na kutazama juu, kisha modi zifuate. Injini hizi ni za bure, ingawa WAD kamili bado inalindwa na hakimiliki na hununuliwa. Sehemu yake ya kwanza, yenye leveli 9, imegawiwa bure tangu siku mchezo ulipotoka, nayo inatosha kumwezesha mtu kuamua.