Nyumba Arobaini: Kwa Nini Al Wakrah Hatujuani Tena

Jibu swali moja kabla hujaendelea kusoma. Mtu anayeishi mlango wa pili kutoka kwako anaitwa nani? Usinitajie nchi yake, gari lake, wala harufu ya chakula chake saa moja usiku. Nataka jina.

Wiki iliyopita tuliulizana hivyo tulipokuwa tunarekodi, watu wanne, wote tumekulia Qatar. Mmoja tu ndiye aliyeweza kujibu, na jirani huyo ni binamu yake. Tukacheka, halafu kicheko kikakatika. Sisi ni watoto wa watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Kampala. Wazazi wetu wakianza kusimulia habari za nyumbani, hawaanzi na nyumba, wanaanza na majirani. Sasa sisi imekuwaje?

Kabla hatujalilia ya zamani

Simulizi zao tunazijua kwa moyo. Jioni watu barazani, kahawa na kashata. Chumvi ikiisha unamtuma mtoto kwa jirani, wala hakuna anayehesabu. Mama yangu anasema Mombasa alichapwa na jirani kwa utundu, akaenda kushtaki nyumbani, akachapwa tena kwa kumchosha jirani wa watu.

Lakini tuseme kweli: kujuana kule kulikuwa na bei yake. Barazani ndipo umbea ulipopikwa. Tanzania, tangu miaka ya 1960, TANU ilipanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kundi na balozi wake. Balozi alisuluhisha ugomvi wa kuku na wa mipaka, na pia alijua mgeni gani amelala kwa nani. Kenya nayo ililichukua jina hilohilo la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi. Safari hii shabaha ilikuwa usalama: mjue jirani yako ili ukiona jambo baya utoe taarifa.

Kwa hiyo ujirani wa wazee wetu haukuwa mapenzi matupu. Watu walijuana kwa sababu hapakuwa na pa kujificha. Wakaaminiana kwa sababu kila mmoja alijua mwaka kesho watakuwa palepale. Ukikopa ukakataa kulipa, mtakutana tu: msikitini, sokoni, harusini, mazikoni. Uaminifu ulikuwa na muda wa kukua. Hilo la muda lishike, nitalirudia.

Hapa napo palikuwa na mtaa

Wako wanaodhani ujirani ni jambo la Waswahili peke yao, na kwamba watu wa Ghuba wamezaliwa ndani ya eisii. Hapana. Al Wakrah, kusini mwa Doha, ulikuwa mji wa wavuvi na wazamiaji wa lulu. Watu waliishi katika fereej, yaani mtaa wa familia zinazojuana, na kati ya nyumba paliachwa uwanja mdogo unaoitwa baraha. Watoto wakicheza hapo, wazee wakikaa hapo. (Baraha na baraza ni maneno mawili tofauti, ingawa kazi yake ni ileile.) Wanaume walipoondoka kwa msimu wa lulu, miezi na miezi baharini, waliobaki walitegemeana. Souq Al Wakrah ya leo, pale ufukweni tunapokwenda kunywa karak, imejengwa kwa kuiga mji huo.

Mimi nimeuona mkia wa maisha hayo. Miaka ya tisini baba alikuwa anafanya kazi Mesaieed, na sisi tulipanga nyumba ya chini kati ya familia za Kikatari na za Kisudani. Usiku wa katikati ya Ramadhani, wa Garangao, tulikwenda na watoto wenzetu mlango kwa mlango, mifuko shingoni, tukiimba maneno ambayo nusu yake hatukuyaelewa, tukipewa njugu na peremende. Hakuna aliyetuuliza sisi ni watoto wa nani. Walikuwa wanajua.

Halafu mji ukafura. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 141,222 katika manispaa ya Al Wakrah. Ile ya 2015 ikahesabu 299,037. Miaka mitano tu, idadi ikazidi mara mbili. Mei 2019 tukapata metro, na mwezi huohuo uwanja wa Al Janoub ukafunguliwa, ule wenye umbo la jahazi, uliotumika Kombe la Dunia 2022. Mimi siuchukii mji mpya, metro naipanda kila siku. Ila hakuna binadamu anayeweza kujifunza majina kwa kasi hiyo.

Ujirani wenye tarehe ya kuisha

Watu husema siku hizi watu wamekuwa wabaya, wana roho ya ubinafsi. Mimi sikubali. Nadhani jambo la kwanza ni karatasi.

Karibu kila mtu kwenye jengo letu anakaa kwa ikama inayofungamana na kazi yake, na kwa mkataba wa pango ambao mara nyingi ni wa mwaka mmoja. Kazi ikiisha, ikama inaisha. Pango likipanda, kama lilivyopanda kabla ya Kombe la Dunia, mtu anahamia Al Wukair au mbali zaidi. Jirani yangu wa sasa ni wa nne katika miaka sita. Wa kwanza nilimzoea, tukabadilishana sahani, watoto wakalala kwa wenzao. Siku moja nikaona makatoni koridoni. Wiki mbili baadaye wako Kerala. Wa pili nilimzoea kidogo. Wa tatu nilimpungia mkono tu. Moyo nao unajifunza kuweka akiba.

Jambo la pili ni jengo lenyewe. Mwaka 1950 Festinger na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofanywa kwenye nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Waligundua kwamba urafiki ulifuata milango na ngazi: waliokuwa karibu na ngazi walijuana na watu wengi zaidi, kwa sababu tu walipishana nao mara kwa mara. Sasa angalia sisi. Unatoka mlangoni, unaingia lifti, unashuka hadi kwenye maegesho, unapanda gari. Kuanzia Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40 na hakuna anayekaa nje kwa hiari. Chumvi ikiisha unaagiza kwa simu, inaletwa na kijana wa pikipiki ambaye hutamwona tena. Zile nafasi ndogo za kupishana zimekwisha.

Na jambo la tatu tunalijua lakini hatulisemi: imani yetu tumeihamishia kwenye simu. Nikihitaji daktari, fundi au mtu wa kunichukulia mtoto shule, nauliza kwenye kundi la Waswahili la WhatsApp. Mtu wa Al Khor, mwendo wa karibu saa moja kwa gari, namwamini kwa sababu shangazi yake anajuana na mama. Aliye nyuma ya ukuta wangu simjui. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tumejaza fimbo za mbali.

Jirani kama shahidi

Mpaka hapa nimesema kwa nini hatujuani. Kutoaminiana ni jambo jingine, na kuna sababu yake.

Mnazijua villa zilizogawanywa. Nyumba moja kubwa, kuta za jipsamu ndani, familia tano au sita, mita moja ya umeme. Kuigawa hivyo bila kibali cha manispaa hairuhusiwi, lakini kwa mshahara wa kawaida ndiyo nyumba unayoiweza. Mpangaji anaambiwa na dalali: ingia kimya, usiweke viatu vingi nje, usizungumze sana na majirani. Kwa nini? Kwa sababu jirani mmoja akipiga simu, wakaguzi watakuja, na wewe utakuwa nje na magodoro yako.

Ongeza sheria namba 15 ya 2010, iliyopiga marufuku makazi ya wafanyakazi ndani ya mitaa ya familia. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utulivu wa familia. Lakini imetuachia jicho baya: mwanamume anayeishi bila mke anaitwa bachela, hata kama ana mke na watoto wanne Kisumu anaowatumia pesa kila mwezi. Akionekana kwenye ngazi, watu wanajiuliza anatafuta nini. Yeye naye akiona mlango unafunguliwa anainamisha kichwa, anapita haraka. Kila upande unamwona mwenzake kama shahidi wa kesi ambayo bado haijafunguliwa.

Milango mitatu

Haya yote yangekuwa maneno ya studio tu, lakini mwaka jana yalifika ghorofa ya chini yetu.

Mama mmoja alianguka bafuni asubuhi, mguu ukavunjika. Mume alikuwa kazini baharini. Simu ilikuwa chumbani, hakuweza kujikokota kuifikia. Akamtuma mtoto wake wa miaka sita aende akagonge kwa majirani. Mtoto aligonga milango mitatu. Baadaye ilijulikana kwamba yote mitatu ilikuwa na watu ndani. Mmoja alimwona kwenye kamera ya kengele, akadhani ni mchezo wa watoto. Mwingine alikuwa mwanamke peke yake, hafungulii mtu asiyemjua. Wa tatu alisikia, akanyamaza.

Mtoto akashuka mpaka chini kwa mlinzi. Mlinzi wetu alikuwa kijana wa Kisii, na yeye peke yake ndiye aliyewajua wote kwenye jengo: nani nesi, nani yuko zamu ya usiku, nani ana gari. Akapiga 999, akampigia nesi wa ghorofa ya tano, akampeleka mtoto akae na familia ya Kimisri. Dakika kumi, mambo yote sawa.

Miezi mitatu baadaye kampuni yake ikamhamishia jengo jingine. Ndipo nilipoona hasara yetu. Ujirani wa milango ishirini na nne ulikuwa umekaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, naye ni mpitaji kama sisi. Alipoondoka, ameondoka nao.

Wa kudumu wasio na udumu

Wanavyuoni wengine wa Kiislamu husema haki ya ujirani hufika nyumba arobaini kila upande. Zamani hiyo ilikuwa mtaa mzima. Kwetu leo ni jengo letu na nusu ya lile linalofuata. Si mbali.

Na nadhani kazi hiyo inatuhusu zaidi sisi kizazi cha pili. Tunajiona wapitaji. Kaka yangu alipokaribia miaka 25 ilibidi apate kazi haraka au aondoke, kwani hakuweza tena kubaki chini ya ikama ya baba. Sheria ya ukaazi wa kudumu ya 2018 ipo, lakini ni ya watu 100 tu kwa mwaka. Hata hivyo, hesabu miaka. Kwenye jengo letu, sisi tuliokulia hapa ndio tuliokaa muda mrefu kuliko wote. Tunajua Kiarabu cha dukani, Kiswahili cha mlinzi, Kiingereza cha ofisini. Kama kuna mtu anayeweza kuwa ile ngazi ambayo watu wanapishana nayo, ni sisi.

Sijasema tuanzishe kamati. Mimi na mume wangu tulianza na Ramadhani hii iliyopita: sahani ya mbaazi za nazi na mahamri kwa milango minne ya ghorofa yetu na mitatu ya chini. Mnajua kanuni ya pwani, sahani hairudi tupu. Sita zilirudi na kitu. Moja haijarudi mpaka leo, na sawa tu. Ila sasa nina majina saba na namba za simu saba, na mlinzi mpya tumemwandikia orodha.

Kipindi kijacho tunataka kusikia yako. Tutumie sauti ya dakika moja, kwa Kiswahili chako chochote, hata kilichovunjika. Anza na jina la jirani yako. Kama hulijui, una wiki moja.