Siku Ishirini na Moja za Mgonjwa wa Saratani ya Matiti

Miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania, ile ya matiti ni ya pili kwa wingi, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke wa Kisongo, magharibi ya jiji la Arusha, akigunduliwa kuwa nayo, huanza safari ndefu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, iko kiasi cha kilomita 90 kutoka kwake. Aliyehitaji mionzi, kwa miaka mingi, alilazimika kwenda kukaa majuma kadhaa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 600. Hata hivyo siku nyingi za tiba hupita nyumbani, kati ya sindano moja na nyingine.

Dawa hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya siku 21. Kazi yake ni kuua chembe hai zinazogawanyika upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo. Kwa bahati mbaya, zile za mizizi ya nywele, za utando wa tumbo na za uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, nazo ni hivyo hivyo. Siku 21 huupa uboho nafasi ya kujirekebisha. Muda huo ukipitishwa mno, saratani nayo hupata nafasi.

Siku tatu au nne za mwanzo huwa za kichefuchefu na uchovu usioondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Hapo anatakiwa mtu wa kuchota maji, kukoka moto, kupika uji na kuwaandaa watoto kwenda shule. Mwanamke aliyepasuliwa asibebe ndoo mpaka daktari amruhusu.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 hali huwadanganya wengi. Mgonjwa hujisikia nafuu, kumbe chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, zimepungua kuliko siku nyingine zote. Ndizo siku ambazo wageni hufurika, kwa kuwa wamesikia anaendelea vizuri! Desturi ya kumjulia mgonjwa hali ni njema, ila mwenye kikohozi au mafua atafanya hisani kubwa zaidi akibaki kwake na kutuma salamu. Maziwa, chakula kikuu cha Wamaasai na kipenzi cha Waarusha, yachemshwe. Joto la mwili likifika digrii 38, kusingojwe kupambazuke: anayehitajika saa hiyo ni mwenye gari.

Juma la tatu nguvu hurejea, na ndio wakati wa kutafuta nauli. Ajabu ni kwamba mchango wa arusi huundiwa kamati na daftari, lakini wa nauli ya mgonjwa huombwa kwa kunong'ona, kana kwamba ni aibu.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wauguzi 2,835 waliopata saratani ya matiti. Waliokuwa wapweke kabla ya kuugua walikabiliwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo ipatayo mara mbili ya ile ya wenzao wenye jamaa na marafiki wengi. Si kwamba mazungumzo hukausha uvimbe. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kuwa mwenye watu hupata wa kumhudumia.

Mara nyingi mgumu wa kusaidiwa ni mgonjwa mwenyewe. Miaka yote ndiye aliyewapelekea wazazi uji na wafiwa kuni, kupokea hakukuzoea. Humfaa basi kumkabidhi mtu mmoja, pengine wifi yake, kalenda ya siku 21, ili yeye ndiye agawe zamu za maji, za watoto na za kumsindikiza hospitali. Kwa namna hiyo mgonjwa huomba mara moja tu. Na kwa yule ambaye saratani yake huchochewa na homoni, sindano zikiisha huenda vikafuata vidonge vya tamoksifeni, kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Kufikia hapo wageni wamekwisha tawanyika. Wifi bado ana kazi.