Je, Wajua? Sauti Inayomwonya Rubani Akiwa Bado Ardhini

Je, wajua kwamba Uwanja wa Ndege wa Arlanda, Stockholm, una njia 3 za kurukia, na ndefu kuliko zote ina mita 3,301? Kwenye uwanja mkubwa hivi, ukungu ukitanda, rubani anaweza kuingia njia isiyo yake.

Shirika la ndege la SAS, lenye makao makuu eneo la Stockholm, linaujua uchungu wa kosa kama hilo. Tarehe 8 Oktoba 2001, ndege yake ikipaa Milan, Italia, iligongana na ndege ndogo iliyoingia njia ya kurukia kimakosa. Watu 118 walikufa. Rada ya ardhini uwanjani hapo haikuwa ikifanya kazi.

Leo, ili kuzuia makosa kama hayo, mfumo wa kuwaonya marubani uitwao RAAS, wa kampuni ya Honeywell, hulinganisha mahali ndege ilipo, kwa msaada wa setilaiti, na ramani za viwanja zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Ndege ikikaribia njia ya kurukia, sauti huitaja njia hiyo kwa namba. Teknolojia mpya zaidi hupokea mawimbi ya redio yanayotumwa na ndege nyingine na kuonya iwapo njia ina ndege. Onyo humfikia rubani papo hapo, bila kusubiri mnara wa waongozaji, naye hupata nafasi ya kufunga breki mapema.