Rangi ya Macho ya Kibarua

Bibi aliyekaa meza ya pili alishusha pumzi, akajiegemeza kitini, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikumlenga mtu: "Laiti angeiba hata kondoo mmoja."

Tulikuwa katika hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Dorset, mjini Dorchester, kusini magharibi mwa Uingereza. Mimi nilikuwa nimefuata mambo mengine kabisa, barua za ofisa mmoja wa kikoloni aliyepata kutumika Tanganyika. Mahali hapo kalamu ya wino hairuhusiwi, kila msomaji hutumia penseli, na vitabu vya zamani hulazwa juu ya mto kama wagonjwa. Kimya chake ni cha msikitini baada ya sala. Neno lile lilinifikia lote, na barua zangu sikuzisoma tena siku hiyo.

Saa ya chai nilimfuata nikamwomba radhi kwa kumsikiliza, kisha nikamwuliza ni nani huyo aliyepaswa kuiba. Alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka. Ni babu yake wa upande wa mama, vizazi vitano nyuma, kibarua wa mashambani. Anamtafuta tangu alipostaafu uuguzi, mwaka wa kumi na moja huu. Alifungua daftari lake akanionyesha alichopata. Kilijaa ukurasa mmoja.

Kuna mstari wa ubatizo. Kuna ndoa kanisani, na chini yake alama ya X, kwa sababu sheria iliyoanza kutumika mwaka 1754 ilitaka bwana na bibi harusi watie saini, na asiyejua kuandika alichora msalaba huo huku kasisi akiandika jina pembeni. Kuna ubatizo wa watoto saba na maziko ya watatu kati yao. Halafu kuna sensa ya usiku wa tarehe 6 Juni 1841, iliyoandikwa kwa penseli, ambayo leo imefifia mpaka unainamisha karatasi kutafuta mwanga. Makarani wa sensa ile waliagizwa umri wa kila aliyezidi miaka 15 waushushe hadi tano ya karibu, hivyo mwenye miaka 44 akawa wa 40. Mahali pa kuzaliwa hapakutajwa; palitakiwa ndiyo au siyo tu, kama alizaliwa katika mkoa ule ule. Na kwenye kazi waliruhusiwa kufupisha: "Ag. Lab." Kibarua wa kilimo. Vifupisho hivyo viwili vinashuka ukurasa mzima, nyumba hata nyumba, kama matone ya mvua juu ya kioo.

"Hapo ndipo walipo babu zetu wengi," bibi alisema. "Ndani ya herufi tano."

Sisi tuliozoea kumwuliza mzee wa ukoo akatuhesabia majina mpaka la saba tunaweza kushangaa kwamba mtu na akili zake ahangaike miaka kumi na moja kwa ajili ya ukurasa mmoja. Lakini huyu hakuwa na mzee wa kumwuliza. Ukoo wake ulihama shamba hadi shamba, kisha ukaingia mjini, na kila uhamapo ulipunguza mzigo. Hadithi ndizo zilizotupwa kwanza. Sasa amebaki na karatasi, na karatasi haimjui babu yake isipokuwa siku alipobatizwa, alipooa, alipozika na alipohesabiwa.

Nikarudi kwenye kondoo.

Alinishika mkono, akanirudisha mezani kwake na kunionyesha daftari la gereza la Dorchester. Nikaelewa. Kila aliyeingizwa gerezani aliandikwa mwili wake: urefu kwa futi na inchi, nywele, sura, rangi ya macho, kovu juu ya nyusi, kidole kilichokatika. Serikali ilitaka kumtambua akitoroka. Na waliopelekwa Australia waliandikwa tena huko, wakati mwingine kwa urefu zaidi: michoro iliyochanjwa mkononi, meno yaliyokosekana, kijiji cha kuzaliwa, kazi aliyoiweza. Mtu aliyeiba kondoo miaka ile alikuwa na hatari ya kunyongwa, maana adhabu hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1832. Aliyekamatwa usiku na wavu wa kunasia sungura katika pori la bwana shamba angeweza kuvushwa bahari kwa miaka saba. Hao, wajukuu wa wajukuu wao wanajua kwamba babu alikuwa na macho ya kahawia na alama ya ndui mashavuni.

"Babu yangu alikuwa mwaminifu," alisema, na neno uaminifu alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. "Sitajua kamwe macho yake yalikuwa ya rangi gani."

Alikuwa amefanya kazi wodini miaka yote kabla ya kustaafu, akiwafumba wafu macho. Pengine ndiyo sababu jambo hilo linamuuma yeye kuliko jina au tarehe. Sikumwuliza.

Kama si gereza, anasema, basi njaa. Hiyo ndiyo dua yake ya pili, nayo anaionea haya zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1662, maskini alikuwa na haki ya kusaidiwa na parokia moja tu, ile alikokuwa na makazi yake ya kisheria. Akiishiwa kwingineko, aliitwa mbele ya mahakimu wawili, mara nyingi mabwana wenye ardhi, akaapishwa na kuulizwa maisha yake tangu mwanzo. Karani aliandika. Karatasi za mahojiano hayo bibi amezisoma kwa mamia, za watu asiohusiana nao kwa damu. Alinitolea moja, akanisomea polepole kidole chake kikielea juu ya mistari bila kuigusa.

Zote huenda kwa mwendo mmoja. Anasema alizaliwa parokia fulani, kama alivyosikia na anavyoamini. Alipokuwa kijana, bado hajaoa, aliajiriwa na mkulima fulani kwa mwaka mzima, kwa ujira wa pauni kadhaa pamoja na chakula na malazi. Akautumikia mwaka, akalipwa. Akaenda kwa mwingine. Akaoa mwanamke fulani kanisa fulani, wana watoto, na kila mtoto hutajwa kwa jina na umri: wa miaka saba, wa minne, na wa miezi mitatu. Tangu hapo, kwa kadiri ajuavyo, hajafanya lolote la kumpatia makazi mengine. Mwisho kabisa, kati ya jina lake na la ukoo wake, ile X.

Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kibarua asiyejua kusoma anazungumza. Anazungumza kwa kuogopa, kwa maneno ya karani, akijibu maswali ambayo hatuyaoni, huku wanaomsikiliza wakitaka neno moja tu litakalowawezesha kumpakia kwenye mkokoteni na kumrudisha kwa wenzao wamlishe. Baada ya mwaka 1795 hakuna aliyepaswa kuondolewa mpaka awe amekwisha kuomba msaada, isipokuwa mwanamke mjamzito asiye na mume. Huyo alihesabiwa mzigo tayari, hata kama hakuomba kitu. Bibi alisimama kidogo kwenye habari hiyo. Wanawake, alisema, wameandikwa zaidi wakiwa na mimba kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yao.

Halafu kuna wiki 51.

Kutumika mwaka mzima kulimpa kijana haki ya makazi, na haki ya makazi ilimaanisha kwamba akiugua au akizeeka parokia ingemlisha kwa kodi ya wenye mali. Basi wakulima wengi wakaajiri kwa wiki 51. Kijana alivuna, akakamua, akafanya kazi kama punda na kulala darini, na wiki moja kabla ya mwaka kutimia akaambiwa kwaheri. Njia hiyo ya kupata makazi ilifutwa mwaka 1834, pamoja na mengine yaliyokuja na sheria mpya ya maskini na nyumba zake za kazi. Lakini nilipokuwa nikisikiliza, wiki hiyo moja ilikuwa imekwisha kunikaa rohoni. Nawajua watu wa leo, wala si wa Dorset, ambao mkataba wao hukatika siku chache kabla ya kuwa wa kudumu. Aliyebuni hesabu ya wiki ile hakuandikwa popote.

Nilimwuliza kama hakuna kibarua hata mmoja wa upande huu ambaye maisha yake yanajulikana. Akanielekeza mashariki, Tolpuddle, mwendo mfupi tu kwa gari. Mwanachama yeyote wa chama cha wafanyakazi huenda amesikia habari za vibarua sita wa kijiji hicho, ambao ujira wao ulishushwa kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 8, kisha 7, wakatishiwa 6, wakaungana, wakala kiapo cha siri, na Machi 1834 wakahukumiwa miaka saba Australia. Watano kati yao hatimaye walihamia Kanada. Wa sita, James Hammett, alirudi akaishi Tolpuddle, akafa mwaka 1891 katika nyumba ya kazi ya maskini hapa Dorchester, akiwa kipofu. Jiwe la kaburi lake lilichongwa na mchongaji Eric Gill na kuwekwa mwaka 1934.

Huyu ana karatasi za kutosha. Hata hivyo wapo wasemao kwamba usiku wa kiapo hakuwa chumbani, kwamba aliyekuwapo ni ndugu yake John, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, na James alinyamaza akaibeba adhabu. Mahakama ilimhukumu kama aliyekuwapo. Bibi haamini upande wowote. Anachotaka kujua ni kama ndugu wawili hao waliwahi kulizungumza jambo hilo baada ya James kurudi, wakiwa wameketi mlango mmoja jioni, au kama walipitana njiani miaka yote kwa salamu tu.

Saa ya kufunga ilikaribia. Alirudi kwenye daftari la gereza, akaendelea kushuka na majina ya kijiji cha babu yake. Karibu na mwisho wa ukurasa akasimama. Palikuwa na mtu mwenye jina la ukoo lile lile, lililoandikwa kwa herufi moja tofauti, aliyefungwa wiki sita. Huenda ni ndugu. Huenda ni binamu, au mtu baki kabisa. Jina hilo si adimu upande ule. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha akachukua penseli, akaandika katika ukurasa wake mmoja: macho ya kijivu. Pembeni akatia alama ya kuuliza.