Mvi Zisizoonekana

Mtu mwenye ualbino akianza kuota mvi, jirani hagundui. Nywele zake tangu utotoni ni za rangi ya katani iliyoanikwa, na weupe wa uzee ukiingia humo huingia kimyakimya. Watani wake hawana pa kuanzia. Ila katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki utani huo haukupata hata nafasi ya kukosekana, kwa sababu waliopaswa kuota mvi hawakufika umri wa kuziota.

Pengine hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli ya zamani kwamba zeruzeru hafi, hutoweka. Neno lenyewe ni la kumdhalilisha mtu na leo wastaarabu wameliacha. Lakini tuitazame kauli hiyo kwa jicho la sayansi. Walioitunga waliona kitu cha kweli: kijana yupo sokoni, yupo shambani, kisha anaanza kufunika uso kwa kanga, anajifungia ndani, na haonekani tena. Wakakosa maelezo, wakatunga miujiza. Kilichokuwa ndani ya nyumba ile hakikuwa muujiza. Kilikuwa kidonda.

Mwaka 1985 madaktari waliochunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam walichapisha waliyoyaona. Madhara ya jua yalionekana kwenye ngozi za watoto ambao hata mwaka mmoja hawajatimiza, na saratani zilizokwisha kukomaa zilikuwa kwa watu wa miaka ya ishirini na thelathini, umri ambao wenzao wanaoa, wanaolewa na kujenga. Ualbino wenyewe hauui. Wanaofikisha miaka themanini wapo, nao hawana damu tofauti wala dawa ya siri. Ukitaka kujua nini hutenganisha maisha yao na ya yule aliyefungiwa ndani kwa kidonda, usianze kuuliza kwenye ngozi. Anza kwenye jicho.

Hesabu ya mmoja kwa kumi na tisa

Kabla ya kulifikia jicho, tupitie kwanza mlangoni, kwenye urithi. Ulaya na Amerika Kaskazini ualbino ni hali adimu: hukadiriwa mtu 1 kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kwa kila 1,400. Tofauti hiyo imewafanya wengi watafute laana, mizimu au dhambi ya mama. Hesabu ya darasani inatosha.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ualbino hujitokeza pale nakala zote mbili zinapokuwa na hitilafu. Mwenye nakala moja mbovu ni mbebaji tu. Ngozi yake ni nyeusi kama ya ndugu zake na hajui chochote. Sasa chukua kwamba mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Uwezekano wa wabebaji wawili kukutana na kuoana ni 1 kwa 19 mara 19, yaani 1 kwa 361. Wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala zote mbili mbovu. Zidisha 361 kwa 4: unapata 1,444. Umerudi palepale tulipoanzia.

Maana yake, kwenye daladala iliyojaa, mbebaji mmoja au wawili wamo, na huenda ni wewe unayesoma. Maana yake pia, baba anayemkimbia mkewe baada ya kujifungua mtoto mwenye ualbino anakimbia nusu aliyoileta mwenyewe.

Watafiti walipofungua jeni lenyewe katika miaka ya 1990 walikuta jambo la kushangaza. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika hutokana na jeni liitwalo OCA2, katika kromosomu ya 15, na kwa sehemu kubwa ya Watanzania waliopimwa hitilafu ilikuwa ileile: kipande cha herufi kama 2,700 kimenyofoka. Kipande kilekile kilikuwa kimenyofoka kwa watu wa Afrika Kusini, Zimbabwe, na kwa Wamarekani weusi ambao mababu zao walivushwa bahari utumwani. Hitilafu inayofanana kwa kiasi hicho huashiria chanzo kimoja: babu au bibi mmoja, aliyeishi kabla Wabantu hawajatawanyika, ambaye uzao wake umeenea kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Hiyo ndiyo "laana": ukoo mkubwa.

Hamira kwenye maji ya moto

Watu wengi hudhani mwenye ualbino hana chembe za kutengeneza rangi. Anazo, tena kwa idadi ileile. Kinachokwama ni upishi.

Muuza maandazi anaelewa hili kuliko mwanafunzi wa biolojia. Unga unaweza kuwa mzuri na hamira ikawa mpya, lakini ukiitia hamira kwenye maji yachemkayo unga hauumuki. Ndani ya chembe za ngozi kuna vifuko vidogo ambamo kimeng'enya kiitwacho tairosinesi hupika melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Kimeng'enya hicho hakipendi uchachu. Kazi ya protini ya OCA2 ni kusaidia kupunguza uchachu ndani ya kifuko ili upishi uendelee. Protini ikikosekana, kifuko hubaki kichachu, na rangi haiivi.

Rangi hiyo si pambo. Kwenye ngozi, punje za melanini hujipanga juu ya kiini cha chembe kama mwavuli, zikikinga urithi uliomo na miale ya jua. Na kwenye jicho ina kazi ambayo wengi hawajawahi kuisikia: mtoto akiwa bado tumboni, melanini huhitajika ili kitovu cha retina, mahali pa kuonea vitu vidogo, kijengeke sawasawa. Bila rangi ya kutosha, kitovu hicho hubaki hakijakamilika, na mishipa ya fahamu itokayo jichoni hadi kwenye ubongo hupishana kinyume cha kawaida.

Ndiyo sababu miwani humsaidia mwenye ualbino lakini haimmalizii tatizo. Miwani hurekebisha jinsi mwanga unavyopinda. Haiwezi kujenga kilichokosa kujengwa tumboni. Macho yake pia huchezacheza yenyewe, kushoto na kulia. Wanaomtazama hudhani dunia inamyumbia. Haimyumbii, kwa kuwa ubongo wake umezoea tangu utotoni. Na akiinamisha kichwa pembeni anapokutazama, usidhani ana dharau. Ametafuta upande ambao macho yake hutulia zaidi.

Ubao

Sasa muweke mtoto huyo darasani. Kati yake na ubao kuna madawati ya wenzake, dirisha linamwaga mwanga usoni, na chaki nyeupe inaandika mistari ambayo kwake ni ukungu. Anasubiri jirani yake amalize kunakili ili aazime daftari. Mwalimu akiuliza swali, hanyooshi mkono. Mwisho wa muhula anaitwa mzito wa kichwa, na wazazi wanaamini, kwa sababu alama zinasema hivyo.

Akiacha shule, dunia humpa kazi ambayo humpa kila aliyeacha shule: jembe, kuchunga, kuanika dagaa ufukweni, kupanga nyanya kwenye gunia sokoni. Zote ni za juani. Hivyo udhaifu wa macho, ambao haujawahi kumuua mtu, humpeleka kwa mkono mahali ambapo ngozi yake haiwezi kuishi. Daktari atakayemtoa uvimbe shingoni akiwa na miaka thelathini na mitano ataandika saratani ya ngozi. Mwanzo wake ulikuwa dawati la nyuma.

Daftari la jua

Jua hukopesha kama Mangi wa dukani: huchukua jina, huandika, halidai leo. Miale ya urujuanimno ikipenya kwenye chembe isiyo na mwavuli, hugandisha herufi mbili za urithi zilizokaa jirani. Chembe ina mafundi wake. Hukata sehemu iliyoharibika na kuziba. Mafundi hao hurekebisha sehemu kubwa, lakini siku moja hukosea, na siku nyingine hukosea tena. Makosa yakirundikana kwenye jeni linalozuia chembe kuzaana ovyo, deni limeiva. Ule wekundu wa bega la mtoto wa miaka sita, uliopona baada ya siku chache, umo daftarini.

Jua la kwetu pia ni danganyifu. Ikweta iko jirani, kwa hiyo mwaka mzima jua la mchana hukaa karibu na utosi. Hatari kubwa ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Na usiipime kwa joto. Kila ukipanda mita 1,000, miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, mtu anaweza kuvaa sweta na huku anaungua zaidi kuliko aliyeko Tanga akitiririka jasho. Kisiwa cha Ukerewe, kinachojulikana kwa kuwa na watu wengi wenye ualbino, kimekaa juu ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na upepo wake mwanana humfanya mvuvi asahau kwamba yupo juani.

Kofia, losheni na kisu

Habari njema ni kwamba saratani nyingi za ngozi kwa watu wenye ualbino wa kwetu hukua polepole na huchelewa kusambaa. Huanza kama kigamba kikavu kinachokwaruza kidole kama msasa, kwenye sikio, mdomo wa chini, shingo au mgongo wa mkono. Katika hatua hiyo daktari wa ngozi hukigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa hukatwa, na mara nyingi hapo ndipo habari inapoishia. Kinachoua ni kuchelewa: nauli, aibu, tiba za kienyeji, na tangu mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000, hofu ya kusafiri peke yako. Anayefika hospitali ya Ocean Road au Bugando kidonda kikiwa kimeshakula sikio huhitaji mionzi ya wiki nyingi mbali na kwao.

Kinga ni rahisi kuitaja, ngumu kuiishi. Losheni ya kuzuia jua ndiyo huzungumzwa zaidi, na Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya ngozi hizi na mazingira haya, na hugawiwa bure kliniki. Lakini losheni hufutika kwa jasho na hutakiwa kupakwa tena baada ya kama saa mbili. Mkulima gani husimamisha jembe kwa hilo? Nguo haifutiki. Mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo hukinga paji la uso na kuyaacha masikio. Kofia ya viua ni pambo tu. Madaktari wanajua wapi pa kutazama kwanza: masikioni na shingoni, pale kofia ilipoishia.

Mtu mzima mwenye ualbino ana maswali mengine ambayo kliniki ya watoto haikumjibu. La kwanza huwa ni ndoa: nitazaa watoto wenye ualbino? Akioa au kuolewa na asiye mbebaji, hapana. Wote watakuwa wabebaji tu. Kwa kuwa wabebaji ni kama 1 kwa 19, na kwa mbebaji nafasi ni nusu, uwezekano kwa mwenza ambaye hali yake haijulikani ni kama 1 kwa 38. La pili ni kazi. Simu ya mkononi inayokuza herufi imefungua milango ambayo miaka ishirini iliyopita ilikuwa imefungwa, na darubini ndogo ya kushikwa kiganjani humwezesha mtu kusoma ubao au namba ya basi.

Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao. Mwaka 2011 Mumbi Ngugi aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya, kisha akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Desemba 2015 mwanasheria Abdallah Possi aliapishwa kuwa naibu waziri Tanzania. Watatu hao, wote wenye ualbino, hutajwa kama mifano ya ushujaa, na ni haki yao. Kwa macho ya daktari wa ngozi wana jambo jingine la pamoja: kila mmoja alipata kazi ya chini ya dari.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kinga gani ya saratani iliyo rahisi kuliko zote, sitakutajia chupa. Nitakutajia dawati la mbele, mbali na dirisha, na mwalimu anayesoma kwa sauti kile anachokiandika. Gharama yake ni kumwambia mwanafunzi mmoja asogee. Faida yake huchukua miaka hamsini kuonekana, na hata hapo huonekana kwa shida: bibi amekaa kivulini anachambua mchele, amesogeza ungo karibu na uso, na mjukuu aliyeahidiwa shilingi mia kwa kila mvi atakayoing'oa amesimama nyuma yake, anapekua nywele na kukata tamaa.