NCHI JIRANI: MLIMA NYIRAGONGO NA USALAMA WA GOMA

Mlima Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei, 2021, hesabu ya kwanza iliyotolewa na Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitaja watu 15 waliokufa. Kati yao 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, na 4 walipojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Walioungua kwa moto wa mlima walikuwa 2. Idadi hiyo ilipita 30 baadaye, lakini kwa askari ile ya kwanza ndiyo ya kutafakari.

Nyiragongo una kimo cha mita 3,470, nao umesimama kaskazini ya mji wa Goma, mahali ambapo ardhi inapasuka polepole kufuata tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Mawe yaliyoyeyuka hupanda katika nyufa hizo, na kwa miaka mingi yalitokota katika kasoko, yaani shimo la kileleni, mfano wa ziwa la moto. Zaha ya mlima huu ina silika kidogo, kwa hiyo si nzito, hutiririka. Tena haingoji kufurika kileleni: ubavu wa mlima hupasuka na ziwa likamwagika. Tarehe 10 Januari, 1977, ziwa hilo lilikauka kwa muda usiofika saa moja, na vijiji vya mteremkoni vikafunikwa. Januari 2002 zaha ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaishia katika Ziwa Kivu.

Moto huonekana, hata usiku. Hewa haionekani. Wenyeji huita mazuku ile hewa ya ukaa itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla ya upepo kuvuma, ikaua mifugo na watu. Askari anayechagua mahali pa kambi ya wakimbizi, au pa lindo la usiku, hana budi kutafuta mwinuko.

Ziwa Kivu nalo limehifadhi vilindini hewa ya ukaa na methani kwa wingi mno. Mwezi Agosti 1986, katika Ziwa Nyos nchini Kameruni, ambalo ni dogo sana kuliko Kivu, hewa ya ukaa ilifumuka na kuua watu zaidi ya 1,700.

Kwa hiyo ilipoonekana mwaka 2021 kwamba mawe yaliyoyeyuka yamepenya chini ya mji na chini ya ziwa, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru tarehe 27 Mei kwamba mitaa 10 ya Goma ihamwe. Mlipuko wa pili haukutokea, lakini kuilaumu amri ile kwa sababu hiyo si haki, kwani mlipuko wa kwanza ulikuja bila onyo. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine wakivuka mpaka kuingia Rwanda, wengi wakishika barabara ya Sake kwa magari na kwa miguu. Waliruhusiwa kuanza kurejea mwezi Juni.